Mwalimu Leng Shuhui na Ukurasa Usiokuwepo

"Kazi aliyoifanya Mwalimu Leng kwa miaka thelathini na sita, programu yetu imeimaliza kwa dakika nne, na chai yangu haijapoa."

Maneno hayo ni ya Dokta Xian Bowen, Naibu Mkurugenzi wa Taasisi yetu ya Fasihi ya Bonde la Fuxi. Aliyasema katika mkutano wa wafanyakazi wa tarehe 6 Juni, huku ukutani nyuma yake ikiwaka ramani ya rangi saba yenye kichwa "Mielekeo ya Utafiti kuhusu Riwaya za Pang Suyan". Ukumbi ulicheka. Mwalimu Leng naye alicheka, kwa sababu ni mtu wa adabu na kwa sababu mzaha wenyewe haukuwa mbaya. Kasoro yake ni moja tu: si kweli.

Kwanza tarehe, maana mwenyewe hajawahi kusamehe makala inayokosea tarehe. Leng Shuhui aliajiriwa katika Taasisi tarehe 22 Agosti 1988, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na anastaafu tarehe 30 Juni 2024. Hiyo ni miaka thelathini na mitano, miezi kumi na siku nane. Naibu Mkurugenzi alikosea hata hapo, ingawa kidogo.

Ni binti wa mchemsha chumvi wa Gongjing. Alikuja na cheti cha miaka miwili cha ukutubi na begi moja la nguo, akapewa kazi ya kupanga magazeti na kujaza chupa za maji ya moto za watafiti wa ghorofa ya tatu. Wakati huo hakuna mtafiti aliyemwita Mwalimu. Walimwita Leng Mdogo, na walipomhitaji waligonga ukuta.

Mwaka 1991 mkurugenzi wa wakati huo aligundua kwamba mwandishi maarufu kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika mji wetu, Pang Suyan, alikuwa anaandikiwa makala Beijing, Shanghai na Wuhan, na kwamba Taasisi iliyo umbali wa vituo vitatu vya basi kutoka nyumbani kwake haikuwa na orodha ya yaliyoandikwa. Ikatolewa amri: kikusanywe kila kitu kilichochapishwa kuhusu Pang. Watafiti walitazamana, kisha wakamtazama msichana wa maji ya moto. Hivyo ndivyo uteuzi ulivyofanyika.

Alipewa mkasi, gundi, kabati la mbao lenye droo kumi na moja, na mwaka mmoja. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aache mwaka ulipokwisha.

Kabati hilo leo lina kadi 6,840. Kila kadi ina mistari minne. Wa kwanza unataja mwandishi wa makala, wa pili jarida na tarehe, wa tatu toleo la riwaya ambalo mwandishi huyo amelitumia. Mstari wa nne ndio uliomletea marafiki wachache na maadui wengi. Hapo Mwalimu Leng huchora alama kwa wino mwekundu: duara, ikiwa ameridhika kwamba mwandishi wa makala ameisoma riwaya, pembetatu, ikiwa amechota kutoka makala ya mtu mwingine, na pembeni anaandika ya nani.

Anajuaje? Anafungua riwaya na kutafuta kila nukuu, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Siri yake ni hiyo. Watu wengi walitaka iwe kubwa zaidi.

Habari za pembetatu zilienea. Mwaka 1999 profesa mmoja kutoka Chengdu alikuja na kopo la chai ya majani machanga ya mlimani, akaketi, akauliza afya ya wazazi, akasifu dirisha, kisha akagusia kwamba kuna kadi fulani yenye alama fulani. Mwalimu Leng alilifungua kopo palepale, akamtilia mgeni kikombe cha kwanza, akanywa cha pili.

"Chai nzuri sana, Profesa," alisema. "Pembetatu inabaki."

Profesa yule aliondoka bila kumaliza kikombe. Kwa haki yake tuseme kwamba makala yake iliyofuata ilipata duara.

Sasa tuje kwenye ukurasa wa 217, maana hapa ndipo ramani ya Dokta Xian inapopasuka.

Mwaka 1996 mtaalamu mmoja mwenye jina kubwa alinukuu kutoka riwaya ya kwanza ya Pang, *Wachimbaji wa Maji Machungu*, sentensi hii: "Mama yangu alinifundisha kuonja maji ya kisima kabla ya kunifundisha kusema." Tanbihi yake ilisema: toleo la 1989, ukurasa wa 217. Sentensi ilipendwa. Mwaka uliofuata ilinukuliwa tena, kisha tena. Kufikia mwaka 2011 makala thelathini na moja zilikuwa zimeinukuu, zote kwa ukurasa wa 217, na kumi na mbili kati yake zilikuwa na neno "mama" na neno "ladha" katika vichwa vyake. Makongamano mawili yalifanyika. Likazaliwa tawi zima la utafiti lenye istilahi zake na wazee wake.

Toleo la 1989 lina kurasa 204.

Mwalimu Leng aliligundua hilo mapema, akanyamaza miaka miwili. Hakunyamaza kwa woga. Kusema ukurasa haupo ni rahisi. Yeye alitaka kujua sentensi ilitoka wapi. Aliisoma riwaya yote mara tatu, akaikosa. Kisha akashuka ghorofa ya chini kwenye majarida mazito ya zamani, kwa sababu alikumbuka kwamba kabla ya kuwa kitabu, riwaya hiyo ilitoka kwa mfululizo katika jarida la fasihi mwaka 1988. Akaikuta kwenye ukurasa wa 217 wa jarida. Sehemu ya mwisho ya riwaya inaishia katikati ya ukurasa huo, na chini yake, kwa herufi ndogo, mhariri alijaza nafasi kwa barua ya msomaji.

Sentensi ilikuwa ya barua. Yule mtaalamu wa 1996 aliisoma riwaya katika jarida, akanakili bila kutenganisha riwaya na barua, na alipopeleka makala yake kwenye jarida la daraja la kwanza, lile linalodai tanbihi ya kitabu, alibadilisha jina la chanzo akaacha namba ya ukurasa. Alikosea kama binadamu yeyote anavyokosea. Thelathini waliomfuata hawakukosea. Hawakufungua kitabu.

Wa kumi na nne kati yao ni mimi, mhariri wa Taasisi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Mwaka 2004, kurasa kumi na nane, na nikapandishwa cheo kwa ajili yake. Mwalimu Leng aliweka kadi juu ya meza yangu asubuhi moja, pembetatu ikiwa bado haijakauka, akaenda zake. Nilibishana naye wiki tatu. Nilimwambia huenda kuna toleo la Hong Kong. Nilimwambia huenda kurasa za nakala yetu zimeng'oka.

"Basi zihesabu, Mhariri," alinijibu. "Namba zipo, moja mpaka mia mbili na nne. Hata mtoto wa chekechea atakusaidia."

Nilizihesabu. Kadi ile ninayo mpaka leo kwa sura ya nakala. Kadi yenyewe iko droo ya nne, mahali pake.

Hakuishia hapo. Alimtafuta mwandishi wa barua. Alikuwa fundi wa minara ya visima vya chumvi aitwaye Deng Yonglu, mstaafu, anayeishi Da'an na ndege watatu kwenye vizimba. Mwalimu Leng alimpelekea makala zote thelathini na moja ndani ya mfuko wa sokoni. Mzee Deng alivitazama vichwa, akavua miwani.

"Binti, mama yangu hakujua kusoma," alisema. "Na sasa vyuo vikuu thelathini na kimoja vinamsoma yeye?"

"Si vyote ni vyuo vikuu, baba. Viwili ni vyuo vya ualimu."

"Hata hivyo. Angejua, angedai wamletee nyama ya nguruwe."

Mwaka 2012 Mwalimu Leng alichapisha taarifa ya kurasa mbili katika jarida la Taasisi hii, bila kumtukana mtu, akieleza yote hayo pamoja na picha ya ukurasa wa jarida. Taarifa hiyo imenukuliwa mara ngapi tangu hapo? Hata mara moja. Tangu mwaka huo sentensi ya mama yake Deng imenukuliwa katika makala nyingine kumi na tisa.

Na sasa itazame ramani. Duara kubwa kuliko yote, jekundu, katikati kabisa, lenye mishipa inayofika kila kona, limeandikwa "mama na ladha". Programu ilihesabu maneno msingi, ikahesabu nani anamnukuu nani, ikachora kwa uaminifu mkubwa. Siilaumu. Imechora jinsi wasomi hamsini walivyonakiliana. Lakini kichwa chake hakisemi hivyo. Kinasema hayo ndiyo mambo yanayotafitiwa katika riwaya za Pang Suyan, na mwandishi huyo hakuiandika sentensi ile.

Katika mkutano ule wa tarehe 6, baada ya kicheko kutulia, Mwalimu Leng aliinua mkono. Alieleza ukurasa wa 217 kwa dakika mbili. Dokta Xian alimsikiliza kwa upole wa mtu aliyevaa saa mpya.

"Mwalimu Leng, tunakuheshimu sana. Lakini ramani haisomi vitabu. Inahesabu."

"Ndiyo maana nimeinua mkono, Dokta."

Safari hii ukumbi ulicheka upande mwingine.

Nisieleweke vibaya, maana najua yatakayosemwa kwenye korido: kwamba Leng ni mtu wa zamani, na kwamba mimi ninapenda ugomvi. Hili la pili sina la kujibu. La kwanza ni uongo. Kompyuta ya kwanza katika chumba cha usomaji aliiomba yeye, mwaka 2003, na nusu ya watafiti wanaomcheka leo aliwafundisha yeye namna ya kutafuta makala kwenye hifadhidata. Programu mpya ilipowashwa Machi mwaka huu, iligundua makala 212 ambazo hakuwa nazo. Alishukuru hadharani. Kisha akaziomba zote, akazisoma, na kufikia mwisho wa Mei kila moja ilikuwa na kadi yake. Maduara tisini na nne, pembetatu mia moja na kumi na nane. Programu ilikuwa imezihesabu zote sawasawa.

Basi twende kwenye upande wa pili wa ramani, ule mweupe. Riwaya mbili za mwisho za Pang, *Kisima Nambari Arobaini* na ile fupi iliyofuata, zina vidoti vinne tu pembeni, kama makombo. Maelezo ya chini yanasema: "eneo lisilo na mvuto wa kitaaluma". Kwa sababu ya maneno hayo sita, wanafunzi watatu wa uzamili walishauriwa mwezi uliopita kubadilisha mada za tasnifu zao. Wawili wamekubali.

Ivute droo ya tisa. Ina kadi 418, zote za riwaya hizo mbili. Hakuna hata moja kwenye hifadhidata, kwa kuwa makala zake zilitoka kwenye vijarida vya nyumba za utamaduni za wilaya, magazeti ya viwanda, majarida ya shule za sekondari, na toleo moja la chama cha wauguzi. Waandishi wake ni walimu, wachimbaji, mpiga picha wa harusi, na mwanamke wa Rongxian anayeuza mafuta ya pilipili, ambaye ameandika makala kumi na moja na kupata maduara kumi na moja. Mvuto upo. Ulichokosa ni daraja la kwanza.

Mmoja wao ni Qu Shaowen, mwalimu wa hesabu wa Fushun. Mwaka 2011 aliandika katika kijarida cha shule yake kwamba kisima cha sura ya sita hakiwezekani. Pang aliandika kimechimbwa kwa miaka kumi na mmoja. Mwalimu Qu alichukua kina chake, akachukua mwendo wa patasi ya chuma kwa siku kwenye mwamba wa aina ile, akaondoa siku za sikukuu na siku za kamba kukatika, akapata miaka kumi na tisa. Aliongeza mstari mmoja: kwamba mtu aliyeanza kuchimba kisima hicho akiwa kijana angekimaliza akiwa baba wa watu wazima, na kwamba riwaya ingekuwa na huzuni zaidi mwandishi angepiga hesabu.

Pang Suyan alitutembelea Oktoba 2015. Viongozi walimwandalia hotuba, maua na sungura wa pilipili. Yeye aliomba kuona kabati. Alikaa kwenye stuli ya Mwalimu Leng saa mbili nzima, chakula kikapoa chini, naye akiendelea kuchambua droo ya tisa. Alipoifikia kadi ya Qu aliomba kijarida chenyewe, akakisoma chote, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mdogo wangu," alimwambia Mwalimu Leng, "huyu bwana yuko hai?"

"Yuko hai, dada. Anafundisha bado. Ni mkali, wanasema."

"Nipe anwani yake."

Toleo la 2016 la *Kisima Nambari Arobaini* lina miaka kumi na tisa, na sura ya sita imeandikwa upya. Vile vidoti vinne vya kwenye ramani, vitatu ni makala zinazojaribu kueleza kwa nini Pang alibadilisha miaka. Moja inasema ni siasa ya wakati. Nyingine inasema ni uzee. Ya tatu ina michoro. Jibu liko droo ya tisa, kadi ya 266, pamoja na nakala ya barua ya shukrani kutoka kwa Pang kwenda Fushun. Hakuna hata mmoja wa hao watatu aliyepanda ghorofa ya tatu kuuliza.

Hiyo ndiyo kazi ambayo dakika nne zimeimaliza.

Amri imekwisha kutoka. Ijumaa, tarehe 28 Juni, chumba namba 307 kitasafishwa ili kiwe Kituo cha Data. Orodha ya vitu vya kuondolewa ina viti vibovu sita, feni mbili, na "kabati la mbao pamoja na karatasi zilizomo". Mnunuzi wa karatasi chakavu amepewa saa tatu asubuhi.

Mwalimu Leng hakuandamana wala hakulia. Tarehe 11 Juni, siku moja baada ya sikukuu ya mashua za joka, aliandika barua ya nusu ukurasa akiomba jambo moja: kadi zihifadhiwe popote penye ukavu, au angalau zipigwe picha kabla hazijaondoka. Hakujibiwa kwa maandishi. Alijibiwa kwenye ngazi, kwa tabasamu: "Si uzichukue tu nyumbani, Mwalimu? Ziwe kumbukumbu."

Nyumba yake iko ghorofa ya sita, haina lifti, na ina vyumba viwili na mama mkwe mmoja. Mumewe, Bwana Ao, fundi wa mabasi aliyestaafu, alipima mlango kwa utepe kisha akatoa uamuzi wake: "Kabati likiingia, mimi natoka. Na mimi ni mwembamba kuliko kabati." Mwalimu Leng alitusimulia hayo wakati wa chakula cha mchana, akatuchekesha wote, kisha akarudi 307, na kupitia kioo cha mlango alionekana akivuta droo moja moja na kuzirudisha, bila kutoa kadi.

Yapo mengine ambayo wasifu wa desturi ungeyataja, nayo yatajwe. Aliteuliwa Mfanyakazi Bora mara mbili, 1997 na 2008. Ameandaa bibliografia tatu zilizochapishwa, na jina lake limo katika moja tu. Katika usingizi wa mchana, jengo zima linapolala kwenye vitanda vya kukunja, yeye hulala ameegemea droo ya pili, na ameapa kwamba ndiyo yenye kimo kizuri. Kwenye mchezo wa vigae wa mahjong ni mtu wa hatari. Hajawahi kuchelewa, isipokuwa siku aliyojifungua mwanawe, na hata siku hiyo alituma kadi tatu kwa mkono wa muuguzi.

Mipango yake ya kustaafu ni mifupi: kulala mpaka saa mbili asubuhi, kumzuru Mwalimu Qu kule Fushun, ambaye hajawahi kuonana naye, na kujifunza kuogelea. Kwa niaba ya wote ambao makosa yao ameyaona kabla ya wengine na akayasema kwa sauti ya chini, tunamshukuru. Apate usingizi mrefu, magoti yenye nguvu, na wageni wanaosoma vitabu kabla ya kuvizungumzia. Maisha yake yajayo yawe mema, na yawe yake.

Yanayobaki si ya kwake, bali ni ya watu saba: Dokta Xian Bowen na wajumbe sita wa Kamati ya Nafasi na Vifaa. Leo, Alhamisi tarehe 27, mmekaa safu ya mbele, na baada ya hotuba mtapanda jukwaani kumvisha shada. Barua ya kufuta amri ya Ijumaa imekwisha kuchapwa. Iko mezani kwa katibu wa ukumbi, mlango wa kushoto, na ina nafasi saba za sahihi. Inukeni mkaitie sahihi sasa, kabla hamjamgusa mkono.